Gogo la Wasiokimbia

Jumapili, 2 Mei 1976. Iyunga, Mbeya

Mwenyekiti wetu wa UWT, umoja wa wanawake, kanikamata leo tukitoka misa, mbele za watu, ili nisipate pa kukimbilia. Anasema mwalimu aliyekuwa anafundisha timu yetu ya netiboli kahamishiwa Songea, na kwa kuwa mimi nilicheza nikiwa shule kule Tosamaganga, basi timu ni yangu.

"Mama, mimi nina mtoto mgongoni. Ana miezi minane na usiku halali."

"Mgongo umebeba mtoto, mdomo umebeba nini? Timu inataka mdomo."

Watu wakacheka. Nimekubali kwa sababu kubisha nako ni kazi, na mimi nimechoka.

Lakini si hilo tu. Alisema timu ya akina mama itakayoshinda hapa mkoani itapelekwa Iringa kwa lori, kucheza Saba Saba. Mama yangu yuko Tosamaganga, jirani na Iringa. Hajamwona Ambrosi. Mtu wa kwetu aliyepita hapa baada ya Pasaka alisema jicho la kulia la mama limekwisha kabisa, na la kushoto lina ukungu unaosogea kila mwezi. Likizo ya mume wangu Bartolomeo ni Desemba. Ukungu haungoji Desemba.

Jumanne, 4 Mei

Mazoezi ya kwanza, uwanja wa shule ya msingi. Baridi kali, na mistari ya majivu tuliyochora ililowa umande ikawa matope. Wamekuja wanawake kumi. Lusia anayeuza katika duka la ushirika kaja na viatu vya kwendea kanisani. Kuna na mgeni mmoja, Tusajigwe, Mnyakyusa, kaolewa mwaka huu na Asajile anayefanya kazi karakana moja na Bartolomeo wangu. Akinisalimia anapiga goti mpaka naona haya, maana hatupishani sana umri. Lakini mpe mpira! Nimemweka senta, kwa sababu senta ndiye anayezunguka karibu uwanja wote, na huyu ana miguu ya kuzunguka.

Nimewapa sheria moja tu. Sista aliyetufundisha shuleni alikuwa akisema kushindwa si dhambi, dhambi ni kutembea wakati mpira unakimbia. Pembeni ya uwanja, upande wa mikaratusi, kuna gogo limelala. Nikawaambia, "Anayetembea atakwenda kukaa pale. Sitaangalia ni nani."

"Hata anayekuuzia sukari?" Lusia kauliza.

Tulicheka wote, na mimi nikiwemo.

Ijumaa, 7 Mei

Jino la Ambrosi. Sikulala. Nepi hazikauki.

Jumapili, 9 Mei

Nimemkalisha Lusia gogoni. Mpira ulipita mbele ya miguu yake ukatoka nje, yeye akautazama kama mtu anayesindikiza mgeni.

"Gogoni, mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Kakaa kakunja mikono, akawa anamsema kila aliyecheza, kwa sauti.

Jumatano, 12 Mei

Sukari imekwisha dukani. Jirani aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni kapata kilo yake. Tumekunywa uji wa chumvi. Bartolomeo kanywa, halafu kauliza, "Hii netiboli inaisha lini?"

Jumapili, 16 Mei

Mechi ya kwanza, na wauguzi wa mjini, hapa hapa kwetu. Marefa walikuwa wawili kama inavyotakiwa, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Nusu ya barabarani alikuwa mwalimu kijana. Nusu ya mikaratusi alikuwa Mzee Eliezeri, mwalimu mstaafu kutoka Rungwe, aliyehamia mjini mwezi wa tatu. Soksi zake zimevutwa hadi magotini na kaptura ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Akipuliza filimbi anatoa na sababu, kama yuko darasani: "Kontakti! Binti, rudi nyuma, mwenzio naye ana haki ya kupumua!"

Tumeshinda kwa mabao matatu. Ningefurahi zaidi, ila Tusajigwe kanishangaza. Nusu ya barabarani alikuwa moto. Mpira ukivuka kwenda mikaratusi, anapunguza. Anatembea. Mara mbili mpira umempita karibu na mkono na yeye kageuza uso anatazama milima. Nilipiga kelele mpaka Ambrosi akaamka mgongoni akalia nami.

Sikumtoa. Nilisema labda ni woga wa mara ya kwanza.

Jumatano, 19 Mei

Mazoezini anakimbia nusu zote mbili kama anafukuzwa. Sielewi.

Jumapili, 23 Mei

Mechi ya kirafiki Mbalizi. Marefa wale wale, na mambo yale yale, sasa nusu moja mzima, nusu nyingine kama mtu aliyekula ugali wa jana. Nilimvuta pembeni baadaye.

"Tusa, unaumwa?"

"Hapana, dada."

"Una mimba? Ukiwa nayo niambie, si kosa."

"Sina, dada."

"Nani kakuudhi?"

Anatazama vidole vyake vya miguu.

"Mazoezini simba, kwenye mechi paka wa jikoni. Niseme nini mimi kwa wenzako?"

"Nisamehe, dada."

Hilo tu. Mtu akikuomba msamaha bila kukwambia kosa, unabaki na hasira yako mkononi huna pa kuiweka.

Usiku Bartolomeo kanishauri, kichwa ndani ya blanketi: "Muache acheze hivyo hivyo. Nusu ya yule msichana inazidi wengine wote wazima wazima. Wewe si unataka Iringa?"

Nataka. Naitaka kuliko anavyojua. Lakini nimemkalisha Lusia kwa mpira mmoja. Nikimwacha huyu kwa sababu ana kipaji, basi lile gogo ni la wasio na kipaji, si la wasiokimbia.

Alhamisi, 27 Mei

Mvua ya ukungu kutwa. Nimepika maharage, yameungua. Nilisinzia nimesimama.

Jumapili, 30 Mei

Mechi ya pili na wauguzi. Mkono wangu ni mzito lakini niandike yote.

Robo ya kwanza Tusajigwe katembea mara tatu, zote nusu ya mikaratusi. Robo ya pili, mpira umedunda mbele yake, hatua moja tu aunyakue, kasimama kabisa. Kasimama! Akavuta kitambaa cha kichwa kikashuka usoni. Muuguzi kaokota, bao. Nikaita refa asimamishe mchezo, nikamtoa.

"Gogoni."

Kaenda kukaa. Na hapo mimi, kwa hasira na kutolala, nikasema maneno ambayo hayakuwa na kazi. Nilisema kwa sauti, watu wamejaa, "Kwetu Uhehe bibi harusi mvivu anarudishwa kwao akafundwe upya!" Watazamaji wakapiga vigelegele vya kejeli. Lusia alicheka akashika tumbo.

Baadaye kidogo mpira ulitoka ukabingirika mpaka kwenye gogo. Mzee Eliezeri kaufuata mwenyewe. Nikamwona Tusajigwe anaondoka gogoni, anazunguka nyuma yake, anachuchumaa na khanga kajifunika kichwa chote. Nikajua analia. Nikasema moyoni, lia, kesho utakimbia.

Tumetoka sare, tisa kwa tisa. Sisi tuna ushindi mmoja, kwa hiyo fainali tunaingia, tarehe 27 Juni, na akina mama wa Ubaruku. Hao wanalima mpunga, miguu yao imekomaa kwenye tope, na mfungaji wao Msukuma mmoja aitwaye Kashindye ni mrefu kama mlingoti.

Nimemwambia Bartolomeo nilichosema uwanjani. Kachukua mtoto kanipa mgongo.

Jumatano, 2 Juni

Tusajigwe hakuja mazoezini. Asajile kampita Bartolomeo mlangoni mwa karakana kama anapita nguzo.

Ijumaa, 4 Juni

Sukari ipo. Lusia kanipimia kilo ikafurika. "Sasa nimeamini," anasema, "lile gogo halina upendeleo." Nimeichukua sukari. Chai yake haikuwa tamu.

Jumapili, 6 Juni

Mchana nilikuwa naanua nepi, Mzee Eliezeri akabisha hodi. Kaegesha baiskeli, kafuta viatu, kakaa kwenye kigoda, mgongo wima. Mkoa umempa fainali yeye na yule kijana, kwa hiyo kapita kwetu kueleza taratibu, na Ubaruku kawapelekea mtu. Nikampa chai. Kaeleza taratibu zote, hata zile ninazozijua tangu shule. Halafu kakohoa.

"Mama Ambrosi, lile jambo jingine linanisumbua. Yule senta wako, nimemkosea nini?"

"Mzee, hujamkosea. Ni uvivu wake."

"Si uvivu. Nimefundisha watoto miaka mingi, mvivu namjua kwa visigino. Yule binti akiwa mbali nami anakimbia vizuri sana. Nikimkaribia anageuza uso. Juzi pale kwenye gogo kanifunikia kichwa, kama mimi ni jua. Nikajiuliza, nimeipuliza filimbi vibaya? Ni mtoto wa nani yule?"

"Hana mtu hapa mzee, ni mke wa mtu. Kaolewa na Asajile, fundi wa karakana ya reli."

"Asajile wa wapi?"

"Wa Katumba, nadhani."

Kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni wala hakikurudi chini.

"Asajile wa Katumba ni mtoto wa kaka yangu. Tumbo moja, baba mmoja."

Na mimi mjinga, nikapiga makofi. "Vizuri! Kumbe ni ndugu!"

"Vizuri?" Mzee kasimama, chai imemwagikia soksi. "Vizuri, mama? Nimempigia filimbi mkwe wangu! Nimemnyooshea kidole! Nimemwambia arudi nyuma mbele ya umati!" Akashika kichwa. "Na wewe nakusikia unaita Tusajigwe, Tusajigwe. Ningejuaje? Akina Tusajigwe Rungwe ni wengi kama migomba."

Ndipo akanieleza, amesimama, anatazama mlangoni kama mwizi. Kwao mwanamke na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani usoni, hawapiti njia moja, akimwona anakuja anajitenga, anajifunika. Na ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe vile vile. Siku ya harusi mzee alihutubia, bibi harusi amefunikwa gubigubi. Sura yake hakuiona wala hakutakiwa kuiona. Kwa hiyo yeye kampulizia filimbi mkwe wake bila kumjua, na mkwe kamjua tangu siku ya kwanza.

"Anachota maji bomba gani?" kauliza.

"La shuleni."

"Basi nitapita njia ya juu." Akaondoka anasukuma baiskeli, hakupanda.

Nilikaa chini kwenye nepi. Mimi natoka Iringa. Kwetu baba mkwe unamheshimu, unampigia goti, unampikia, basi. Nimeishi Mbeya mwaka wa pili, jirani na Wanyakyusa, nakula ndizi zao, na sikujua. Msichana alikuwa anafanya adabu, mimi nikaita uvivu.

Sikungoja kesho. Nilimfunga Ambrosi nikaenda. Tusajigwe alikuwa anachambua mchele uani. Kapiga goti lile lile, kama sijamtukana.

"Inuka, mdogo wangu. Leo mimi ndiye wa kupiga goti. Mzee wa filimbi kaja kwangu. Nimejua."

Kaficha uso ndani ya ungo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nitasemaje, dada? Jina lake mimi silitaji."

"Ungesema 'yule wa soksi ndefu'!"

Akacheka, mchele ukaruka. Akaufunika mdomo. "Nilidhani unajua, dada. Nilisema moyoni, dada anajua, ananijaribu kama nina adabu. Halafu uliponitoa nikasema, basi, kwao adabu ni kitu kingine."

"Wewe ulimjuaje? Si ulifunikwa?"

"Sauti. Alihutubia muda mrefu, dada, njaa ilituuma wote. Aliposema 'kontakti' nikajua ni yeye."

Nilimwambia nisamehe kwa yale maneno, na kwamba nitayasema tena pale pale uwanjani, ila safari hii yawe kinyume chake. Kanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, dada." Asajile alikuwa ndani anasikiliza. Nilipotoka kaniambia, bila kutabasamu lakini kaniambia, "Shemeji, chunga umande, mtoto hana kofia."

Nimerudi nyumbani mwepesi kama niliyeshusha debe la maji kichwani.

Jumanne, 8 Juni

Nimesema mbele ya timu yote. Kwamba nilikosea, kwamba Tusajigwe si mvivu, kwamba mvivu ni mimi niliyeona haraka na kuuliza kidogo. Lusia kasema, "Kwa hiyo na mimi pale nilikuwa na adabu."

"Wewe ulikuwa unatembea, mama."

Ijumaa, 11 Juni

Nimeshukuru mapema mno. Mzee kaleta habari kupitia mkewe: hawezi kuingia uwanja aliomo mkwe. Na mkoa wanasema refa mwingine mwenye cheti hayupo mpaka Agosti, asipokuwepo mzee fainali inaahirishwa. Saba Saba itapita, lori litapita.

Tusajigwe kaja jioni kasema, "Dada, tarehe hiyo nitakaa gogoni mwenyewe. Nitashangilia." Kasema hivyo akitabasamu, na mikono yake inachezea mpira.

Bila yeye Ubaruku wanatufunga kama mizigo. Naye akicheza, mzee haji, na lori linapita. Sijui niandike nini.

Jumamosi, 12 Juni

Homa ya meno. Siku nzima begani.

Jumapili, 13 Juni

Nimepata!

Nilikuwa naanika nepi. Kamba yetu ina ncha mbili, moja kwenye mparachichi, moja kwenye nguzo. Mimi ndiye ninayekwenda huku na huku, kamba imekaa. Nikasimama na nepi mkononi inachuruzika.

Refa hahami! Mzee Eliezeri nusu yake ni ya mikaratusi, mwanzo hadi mwisho. Tunaohama ni sisi. Kila robo timu zinabadilishana magoli. Sasa, senta anazunguka, hawezi kukwepa. Lakini mfungaji wa mwisho haruhusiwi kuondoka theluthi ya goli analofunga, na mlinzi wa mwisho haruhusiwi kuondoka theluthi ya goli analolinda. Robo ya kwanza tukifunga upande wa barabarani, Tusajigwe awe mfungaji. Robo ya pili timu zinahama, goli lile lile la barabarani linakuwa la kulinda. Basi awe mlinzi! Yeye habanduki. Uwanja wote unahama, yeye anabaki pale pale, na sheria ya netiboli yenyewe inamkataza kwenda kwa mkwe wake.

Nilipiga ukelele. Bartolomeo katoka na povu la kunyolea anauliza nani kafa.

Jumatatu, 14 Juni

Asajile kapeleka shauri kwa mzee. Jibu limerudi usiku huu huu: "Hata sokoni tunapishana, mmoja huku, mmoja kule. Sitavuka, naye asivuke. Kugeuza shingo nitageuza mimi, kazi yake yeye ni kucheza."

Nimelala saa sita mfululizo. Sijui Ambrosi alilia au hakulia.

Jumatano, 16 Juni

Kufunga hajui. Anarusha mpira kama anaanika nguo juu ya paa. Tumebaki wawili mpaka giza.

Jumatatu, 21 Juni

Tusajigwe kafunga kumi kwa ishirini. Baridi imegandisha maji kwenye karai.

Ijumaa, 25 Juni

Kumi na sita kwa ishirini. Senta nimemweka Lusia, hakuna mwingine. Anakimbia akikumbuka.

Jumapili, 27 Juni

Ubaruku wamekuja juu ya magunia ya mchele, wanaimba tangu barabara kuu. Kashindye kashuka, kaniangalia mimi na mtoto mgongoni, akasema, "Mwalimu wenu ndiye huyu? Na msaidizi wake bado ananyonya?"

"Ananyonya, na nyie leo mtalia kabla yake," Lusia kamjibu. Leo nimempenda Lusia.

Robo ya kwanza Tusajigwe kafunga manne. Mzee Eliezeri upande wake wa mikaratusi, na mpira ukiwa kwetu barabarani aligeuka akatazama mashina ya miti kama anayahesabu. Filimbi ilipolia timu zikahama, yeye Tusajigwe kabadili kitambaa cha kifuani chenye herufi za nafasi, kabaki. Kashindye kafika pale anamkuta.

"Wewe mbona huhami?"

"Ni zamu ya kulinda, dada."

"Umepanga hapa? Unalipa kodi kwa nani?"

Watazamaji walicheka, na kila robo wakawa wanapiga kelele, "Mwenye nyumba yupo!" Lakini wazee wa Kinyakyusa waliokuwa pembeni walishaelewa. Mmoja aliguna, akamwambia mwenzie maneno, wote wawili wakavua kofia.

Kashindye si mtu wa mchezo. Alikuwa anafunga juu ya kichwa cha Tusajigwe bila hata kuruka. Robo ya tatu tulikuwa nyuma kwa mawili, na hapo Lusia, senta wangu, mpira umempita na yeye anarekebisha hereni. Nilijiambia, Evarista, ni fainali. Ni sukari. Ni mama.

"Lusia. Gogoni."

"Leo? Mama Ambrosi, leo?"

"Leo hasa."

Nikaingiza msichana mdogo wa jirani, hajui kitu ila kukimbia. Lusia kakaa gogoni, halafu nikamsikia, anashangilia kwa sauti ya kupasua bati, "Kimbieni! Kimbieni msije mkakaa na mimi huku, kuna siafu!"

Tukasawazisha. Robo ya mwisho Tusajigwe ni mlinzi. Tumepata bao moja mbele, upande wa mikaratusi, Mzee kalihesabu kwa sauti. Zimebaki sekunde, Kashindye kapokea mpira chini kabisa ya goli, ananyanyua mikono. Tusajigwe hawezi kumfikia, kimo hana. Lakini Kashindye karusha, mpira umezunguka kwenye ringi, umetoka, unaangukia nje. Wengine wote walisimama kutazama. Yeye kaufuata. Kajitupa hewani, kaupiga kwa ngumi kwenda kwa mwenzake, akaanguka kwenye majivu kifua kizima. Filimbi.

Kumi na saba kwa kumi na sita.

Nililia. Sikuwa na cha kufichia uso, Ambrosi alikuwa anakivuta kitambaa. Kashindye kamwinua Tusajigwe, kampangusa majivu, akamwambia, "Wewe mama mwenye nyumba, njoo Ubaruku upande mpunga, hutalipa kodi." Mzee Eliezeri hakuja kushikana mikono. Kakunja filimbi kwenye leso, kapanda baiskeli, kaondoka kwa njia ya juu. Lakini nilimwona mabega. Mabega yalikuwa yanacheka.

Alhamisi, 1 Julai

Nepi kumi na mbili, zote kavu. Bartolomeo kasema atakula kwa Asajile nikiwa safarini.

Jumatano, 7 Julai. Iringa

Tumefungwa vibaya sana. Hakuna aliyetembea.

Alhamisi, 8 Julai. Tosamaganga

Lori linarudi kesho alfajiri. Nimepewa ruhusa, nikapanda mlima na mtoto mgongoni asubuhi. Tusajigwe kanisindikiza, hakutaka niende peke yangu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi kwa vidole. Nikamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mama." Kainua kichwa upande, kama kuku.

"Ni Evarista?"

"Ni mimi. Na Ambrosi."

Hakulia wala hakunikumbatia. Kanyoosha mikono: lete. Kampokea, kamgeuza kwenye jua, kamsogeza mpaka kwenye jicho la kushoto, karibu, karibu, mpaka pua zao zikagusana. Ambrosi kaikamata pua ya bibi yake kaivuta. Mama akamwachia aivute.

"Paji la uso la baba yangu," kasema. Kidole kikashuka. "Nyusi zako. Haya masikio si ya kwetu, haya ni ya huko relini."

Tusajigwe alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

Chakula kiliiva. Dada yangu aliita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Nikainama nikamwambia, "Mama, ugali unapoa. Nimshike?"

"Nyamaza," kasema. "Bado naangalia."